Nilivyomwonyesha Kunguru Kiota

Mimi ni mpiga picha wa harusi hapa Bagamoyo. Nikaha, sendofu, maulidi, mahafali ya chekechea, pasipoti saizi, zote nimepiga. Kwenye ndege niliingia bila kukusudia. Mwaka 2020, korona ilipoingia na watu wakaahirisha shughuli zao, kamera ilikaa kabatini karibu mwezi mzima. Kwa hewa hii yetu ya bahari, lenzi ikishaota ukungu ndani umepata hasara. Nikaitoa, nikaenda kuipunga hewa uani kwa shangazi yangu, kule mtaa wa Dunda. Hapo ndipo nilipomwona chozi.

Chozi mnamjua. Ni yule ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda, anayezunguka maua asubuhi akifyonza utamu. Dume anameta kama mafuta ya taa yaliyomwagika juu ya maji. Jike ana rangi ya vumbi, na kazi yote ya kujenga ni yake. Huyu alikuwa anajenga kwenye mndimu wa shangazi, kimo cha kifua changu, hatua sita kutoka jikoni.

Nilikaa kwenye kibao cha mbuzi nikimtazama. Anakuja na uzi wa utando wa buibui mdomoni. Uzi wenyewe huuoni, unaona tu kichwa kinavyozunguka tawi mara tatu, mara nne, kama fundi cherehani anayekaza kifungo. Halafu anaingia ndani ya mfuko alioutundika na kuusukuma kwa kifua, mfuko wote unatikisika. Nje anabandika vipande vya majani makavu na maganda ya miti, vining'inie ovyo ovyo, mpaka mtu akipita anadhani ni takataka iliyonaswa na miiba. Tundu liko ubavuni, na juu yake kuna upenu mdogo. Nyumba nyingi tunazolipia kodi hazina upenu uliokaa vizuri namna ile.

"Mwache ajenge," shangazi akaniambia. "Wewe ungependa mtu akuchungulie ukiwa chumbani?"

Nikacheka. Siku tisa baadaye nilikuwa nachungulia.

Ndani mlikuwa na mayai mawili. Jike alikuwa ameanza kuatamia, na kichwa chake kilijaa kwenye tundu, ule mdomo umetokeza nje kama sindano. Ilikuwa picha nzuri mno, isipokuwa mbele yake palikuwa na kitawi chenye majani matano. Najua ni matano kwa sababu niliyahesabu baadaye kwenye picha za mwanzo. Kwenye harusi jambo kama hilo halikusumbui: kiti kimekaa vibaya, unakisogeza, shada limeziba uso wa bi harusi, unamwambia mpambe alishushe. Nikachukua mkasi wa kukatia kucha nikakikata kile kitawi. Nikaona picha imefunguka.

Kwa wiki moja na nusu nilikwenda kila siku, mara nyingine mara mbili. Nilipiga na flashi kwa sababu ndani ya mndimu mna kiza. Nilikuwa nasimama mita moja na nusu, na lenzi yangu ya harusi ya mm 50. Jike alikuwa anatoka, anatua kwenye kamba ya nguo, analia "tsi, tsi, tsi" bila kupumzika, nami nilimsikia kama mtu anavyosikia feni. Picha moja niliitia kwenye stetasi. Vijana watatu wa mtaani wakaja na simu zao, nikawaelekeza kwa fahari mahali pa kusimama.

Siku moja nikafika, nikamkuta shangazi anafagia. Hakuinua uso.

"Mgeni wako kaja kabla yako," akasema.

Kiota kilikuwa kimechanwa tumboni. Sufi laini aliyotandika chozi ndani ilikuwa imemwagika juu ya miiba. Jike alikuwa kwenye kamba ya nguo, kimya.

Nilijua ni kunguru, maana mtaani hakuna mwingine wa kazi hiyo. Nilichokuja kukijua jioni ni kingine. Nilikaa kwenye kompyuta kuzipanga zile picha, mia sita na kitu, na katika picha ya tangu siku ya tatu nikaona kitu cheusi pembeni, nje ya fokasi, juu ya bati la jirani. Nikakivuta. Shingo ya kijivu. Nikaenda picha za siku ya nne, yupo. Siku ya tano, yupo, amesogea, sasa yuko kwenye ukuta wa choo. Siku ya nane yuko juu ya mnazi mfupi unaotazama mndimu moja kwa moja. Katika siku kumi nilizokwenda, siku saba alikuwa ndani ya picha yangu. Nilikuwa nimemuona kwa macho, bila shaka, lakini Bagamoyo nani anamtazama kunguru? Nilidhani anasubiri matumbo ya samaki ya shangazi. Kumbe alikuwa anasoma mtu mzima na akili zake anafuata nini kila siku kwenye mti uleule.

Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu si wa kwetu kwa asili. Waliletwa Unguja kutoka India katika miaka ya 1890, makusudi, wasaidie kula uchafu wa mji. Uchafu haukupungua. Wao ndio walioongezeka, wakavuka huku bara, na leo ukanda wote wa pwani, Tanga, Bagamoyo, Dar es Salaam, ni wao. Mayai na makinda ya ndege wadogo ni chakula chao cha kawaida. Mwanzoni niliwalaumu wao peke yao. Inachukua muda mtu kukubali kuwa lile pazia la majani matano alilikata mwenyewe.

Nikaacha ndege. Harusi zikarudi, nikashukuru.

Katika ule mwezi wa uvivu, hata hivyo, nilikuwa nimesoma kidogo, na mambo niliyosoma hayakunitoka. Picha za kwanza za kiota cha ndege wa porini chenye mayai zilipigwa Uingereza mwaka 1892 na ndugu wawili, Richard na Cherry Kearton. Hao walikuwa na vituko. Walitengeneza ng'ombe wa bandia kwa ngozi halisi, ndani mtupu, mpiga picha akajibanza humo na kamera ya mbao akingoja ndege azoee. Na mwenzao wa baadaye, Eric Hosking, mwaka 1937 alikuwa akifuatilia kiota cha bundi usiku, bundi akamrukia usoni, jicho la kushoto likapotea. Aliendelea kupiga picha za ndege maisha yake yote kwa lile lililobaki. Huko kwao, kwa sheria ya 1981, kuna orodha ya ndege ambao huruhusiwi hata kuwasumbua kwenye kiota bila kibali, na mpiga picha anahesabiwa humo humo. Niliposoma hayo nilijiona mimi na mkasi wangu wa kucha.

Mwaka uliofuata, mwezi wa nane, nilipata kazi ya kupiga picha za kalenda kwenye mashamba ya chumvi, kaskazini ya mji, upande wa Nunge, kuelekea mahali Mto Ruvu unapomwaga maji baharini. Kama hujafika, jaribu kuona: mikoko upande mmoja, na upande wa pili majaluba ya maji yaliyogawanywa kwa matuta ya udongo, mengine ya kijani, mengine ya waridi, ya mwisho meupe tayari kukwanguliwa. Jua linakupiga juu na chini. Wafanyakazi wanavaa soksi ndani ya ndara ili chumvi isiwachome.

Nilikuwa natembea kwenye tuta kavu lisilotumika, nikamwona ndege mdogo mbele yangu, kitwitwi, mwenye mstari mweusi uliopita jichoni na kifua cha rangi ya malai. Ghafla akaanguka ubavu. Akakokota bawa moja chini, mkia ameukunjua, analia kwa sauti ya kuhurumiwa. Nikamfuata, akajiburuta mbele. Nikamfuata tena. Nilipiga picha thelathini, jua la asubuhi likipita katikati ya manyoya ya bawa lililotandazwa. Mpaka leo watu wanaisifu moja ya picha zile kuliko nyingine yoyote niliyopiga.

Mzee mmoja aliyekuwa anakwangua chumvi akasimamisha reki yake. Wote pale wanamwita Babu.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Unapiga nini?"

"Huyu ndege, Babu. Anacheza."

"Hachezi. Anakulaghai. Umepita karibu na kwake, sasa anajifanya kilema ili umfuate. Ukishafika mbali utaona anaruka mzima." Akatema mate pembeni. "Rudi ulipotokea, ukanyage nyayo zako zilezile. Usije ukavunja."

Nikarudi nikikanyaga nyayo zangu. Sikuona kitu. Mchanga tu, na vipande vya kombe. Babu akanionyesha kwa ncha ya reki bila kusogea: mchanga uliochimbuka kidogo, upana wa sahani ya chai, umevurugwa. Mayai yalikuwa humo, yamefukiwa.

Huyu ni yule kitwitwi aliyepewa jina la Kittlitz, Mjerumani mmoja wa karne ya 19. Hajengi. Anakwangua kishimo ardhini, anataga mayai mawili yenye madoa kama mchanga wenyewe, na mume na mke wanapokezana kuatamia kwa siku 25 hivi. Na ana tabia ambayo sikuwahi kuiona kwa ndege mwingine. Akiona hatari inakuja, haondoki tu. Anasimama juu ya mayai na kuzunguka, miguu inatupa mchanga ndani, upesi upesi, kama mtu anayezima kipisi cha sigara kwa kiatu. Sekunde chache, mayai hayaonekani. Kisha anaondoka akitembea, kama hajui lolote.

"Ukimjia taratibu anawahi kufukia," Babu akasema. "Ukimtokea ghafla anaruka na kuyaacha wazi. Hapo ndipo kunguru anapopata riziki."

Maneno hayo yalinikaa. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na kipimo ambacho hakitegemei moyo wangu kuniambia kuwa mimi ni mtu mwema. Nikifika na mayai yako wazi, nimekuja vibaya. Nikifika na yamefukiwa, nimekuja kwa adabu lakini bado nimemwondoa mwenyewe kazini. Njia ya tatu, na ndiyo pekee inayofaa, ni kukaa mahali ambapo haoni sababu ya kuinuka.

Kuipata hiyo njia ya tatu kulinichukua wiki mbili na makosa kadhaa ya aibu.

Kosa la kwanza nililifanya siku ya pili yake. Niliogopa kupoteza mahali, nikachomeka kijiti chenye kitambaa chekundu hatua mbili kutoka kwenye kishimo. Nilipokwenda kwenye pikipiki kuchukua maji na kurudi, Babu alishaking'oa.

"Umemwekea bango?" akaniuliza.

Kijiti peke yake kwenye uwanda mtupu ni kiti cha kunguru. Anatua hapo, anaangalia chini. Tangu siku ile nashika mahali kwa kulinganisha vitu viwili vya mbali: nikisimama kwenye mlango wa maji wa jaluba la tatu, nguzo ya pampu ikae sawa na mkoko mrefu uliokauka, kishimo kiko kwenye mstari huo. Simu nayo nimeizima ile sehemu inayoandika mahali picha ilipopigwa. Kamera nyingi za harusi hazina mambo hayo, lakini simu zinaandika, na picha ikishatoka mkononi imetoka na anwani yake.

Kosa la pili lilikuwa kificho. Nilishona viroba vitatu vya chumvi, nikavisimamisha kwa fito hatua kumi kutoka kwa ndege, siku hiyohiyo, nikaingia ndani saa nne asubuhi. Nilijiona Kearton ndani ya ng'ombe wake. Kitwitwi alisimama mbali akiinamisha na kuinua kichwa. Akasogea, akarudi. Akasogea, akarudi. Mimi ndani nilikuwa nimelowa, jasho linaingia kwenye kioo cha kuchungulia, na nikajiambia mvumilivu hula mbivu. Zikapita dakika arobaini. Nikasikia sauti ya Babu nje, hata hakuipandisha:

"Mjukuu, mayai yanaiva."

Nilitoka nikakunja viroba. Jua la chumvini kuanzia saa nne huwezi kuweka kiganja juu ya mchanga ukahesabu kumi. Ndege huyu kwa saa hizo mara nyingi hata haatamii. Anasimama juu ya mayai, miguu imeachana, awe kivuli. Ule uvumilivu wangu niliojisifia ulikuwa unalipwa na yai. Methali yenyewe haina kosa, ila haikusema anayevumilia ni nani.

Tangu hapo nina saa mbili tu za kazi: jua likitoka mpaka saa mbili na nusu, saa tatu mwisho. Na nikishakaa, natazama saa. Dakika kumi na tano hajarudi, naondoka, hata kama mwanga ni wa kufa mtu.

Dawa ya kificho niliipata kwa bahati. Kwenye tuta kubwa hupita trekta na malori yanayobeba chumvi, na nikagundua kuwa kitwitwi yule hawajali. Lori linapita mita kumi na tano kutoka kwake, anafumba na kufumbua jicho tu. Mtu mmoja akitembea mita hamsini, ameshasimama. Kwa hiyo nikamwomba mpwa wangu mwenye bajaji anipeleke, asimamishe juu ya tuta pale pale malori yanapopita, halafu yeye ashuke na kuondoka zake kwenda kunywa chai kwa mama ntilie wa kambini. Hii ya pili ni ujanja wa zamani wa wapiga picha wa ndege: ndege hahesabu watu. Ameona mtu ameshuka na kwenda, basi kwake bajaji ni tupu. Mimi nimelala kiti cha nyuma na lenzi ya mm 300 ya kuazima.

Ubavuni nilifunga kanga ya mke wangu, nikatoboa tundu la lenzi (kesi hiyo niliijibu nyumbani baadaye, na ilikuwa nzito kuliko ya kunguru). Siku ya kwanza kusi ilivuma, kanga ikapepea kama tanga la ngalawa, na kitwitwi akafukia mayai akaenda zake. Siku ya pili nikaishona pindo la chini kwenye kiti kwa uzi wa nyavu. Haikutikisika. Jike au dume, sikuweza kuwatofautisha, akarudi baada ya dakika nne, akakaa, akajipangusa mdomo kwenye bega, akaanza kuokota vipande vya kombe alipokalia na kuvitupa nyuma yake kimoja kimoja. Hiyo ni dalili nzuri kuliko zote ninazozijua. Ndege mwenye wasiwasi hafanyi usafi.

Nilimpiga picha kwa dakika ishirini. Kisha nikaiweka kamera pajani nikawa namtazama tu, nikashangaa kwa nini sikuwahi kukaa hivyo kwenye mndimu.

Watu huniuliza kuhusu mnana, maana wengi ndio wanaoanza naye. Sina neno na mnana. Ukikuta mti juu ya bwawa wana viota vyao arobaini, hamsini, wanapiga kelele mchana kutwa na kunyonyoa minazi majani kwa ajili ya kusuka, simama upande wa pili wa maji na upige utakavyo. Dume ndiye msusi, jike anakuja kukagua, na kiota kikikataliwa mpaka kikageuka rangi, dume mwenyewe hukifumua akaanza upya. Nimewahi kumwonyesha bwana harusi mmoja picha hizo, hakucheka. Alimradi usikate tawi wala usiingie majini, hapo madhara ni madogo. Shida iko kwa hawa wanaotaga peke yao, kimya, wanaotegemea usiwaone.

Jambo jingine alilonifundisha Babu ni nyayo. Udongo wa chumvini ukiwa umelowa unashika unyayo siku nyingi. Njia inayokwenda mpaka kwenye kiota na kuishia hapo ni mshale. Nguchiro anaifuata usiku kwa pua, mbwa wa kambini anaifuata, na kunguru sijui anaifuata kwa nini lakini anaifuata. Kwa hiyo kama lazima upite kwa miguu, pita moja kwa moja, usisimame, uendelee mpaka mwisho wa tuta kama mwenye safari zake. Mimi siku hizi sipiti kabisa. Nakaa ambapo wafanyakazi wameshapitia, pameshakuwa pa kila mtu.

Na kunguru akiwa juu, siendi. Hilo nimejiwekea mwenyewe, hakunifundisha mtu. Nasimamisha bajaji kwenye mikoko, natazama angani na kwenye nguzo za pampu. Nikimwona mmoja tu, tunageuza. Mpwa wangu anasema nimekuwa kama mwizi anayeangalia polisi.

Nilikuwa nimehesabu siku. Kwa hesabu zangu mayai yangeanguliwa kati ya Ijumaa na Jumatatu. Makinda ya kitwitwi hayakai kiotani. Yakishakauka manyoya yanainuka na kukimbia nyuma ya wazazi siku hiyohiyo. Maana yake una asubuhi moja. Na Jumamosi ile nilikuwa na harusi Magomeni, malipo ya mwanzo nimeshapokea na nimeshayatumia. Ijumaa nilikwenda, mzazi amekaa. Jumamosi nilipiga bi harusi na mashangazi zake mpaka saa sita usiku. Jumapili alfajiri mpwa wangu akanipitia, tukafika, hakuna ndege. Nilisubiri dakika kumi na tano zangu. Hakuna.

Kwa mara ya kwanza nilishuka nikaenda mpaka kwenye kishimo. Moyo ulikuwa unaniambia mndimu, mndimu. Nikapiga magoti. Hapakuwa na ute, hapakuwa na damu, mchanga haukuchimbuliwa. Nikalaza shavu chini ili mwanga upite chini kwa chini, nikaona kwenye sakafu ya kishimo vipande vidogo vya ganda, vidogo kama kucha ya mtoto mchanga. Hiyo ndiyo alama. Kunguru hubeba yai au hulimwaga. Kinda likitoka lenyewe, wazazi huchukua maganda makubwa na kuyatupa mbali, lakini vile vichembe hubaki.

Babu alikuja akiburuta reki.

"Jana adhuhuri," akasema. "Wawili. Kama pamba yenye miguu. Walivuka tuta wakaingia kule kwenye majani." Akaonyesha upande wa mikoko. "Nikasema huyu mjukuu yuko wapi leo?"

"Nilikuwa na harusi, Babu."

"Haya. Harusi nayo ni kheri."

Picha ya makinda yale sina. Ninayo ya mchanga. Niliipiga siku moja kutoka kwenye bajaji, sekunde chache baada ya trekta kuharibika na watu kuanza kushuka kwa kelele: kitwitwi alikuwa amefukia na kutoka nje ya picha, nami nikabonyeza tu. Niliichapa kubwa, nimeitundika studio juu ya kile kiti cha pasipoti saizi. Wateja wanaitazama wakiwa wamekaa wima, wananiuliza kama ni tangazo la saruji.

Mwezi uliopita Babu alikuja mjini kupiga picha ndogo nne za fomu zake za malipo. Alikuwa amevaa kanzu na koti, nusura nisimtambue. Nikamrekebishia kola, nikamwambia atazame mbele. Hakutazama mbele. Aliinua macho ukutani, akanyanyuka na kuisogelea ile picha, akaweka kidole juu ya kioo, chini kidogo ya katikati, kushoto.

"Hapa," akasema, akarudi kukaa.